Wavulana wanne na kilio cha mtu mzima: albamu ya kwanza ya Free

Mvulana wa miaka 18 anaimba kwamba anakufa. Anasema starehe zake ameshazimaliza, afya imemtupa mkono, na anaomba mtu amwandikie mama yake barua amweleze hali aliyo nayo. Anaimba bila haraka, kwa zaidi ya dakika nane, na nyuma yake gitaa la solo linalia kama mtu aliyejikaza msibani hadi akashindwa. Mpiga solo naye ana miaka 18. Mpiga dramu ana 19. Mpiga besi, ambaye ukitega sikio utagundua ndiye mtulivu kuliko wote, ana 16.

Huo ni wimbo "Goin' Down Slow", unaofunga upande wa kwanza wa Tons of Sobs, albamu ya kwanza ya bendi ya Uingereza iliyoitwa Free. Kwa Kiswahili jina hilo lingekuwa kama "Tani za Kwikwi", ile kwikwi ya kilio. Ilitoka Machi 1969 kwa lebo ya Island. Kwao Uingereza haikugusa chati ya albamu. Marekani ilichungulia mlangoni, ikafika nafasi ya 197, ikarudi ilikotoka. Mwaka mmoja tu baadaye bendi hiyohiyo ikatoa "All Right Now", wimbo ambao hata asiyejua jina lao ameshausikia redioni au kwenye tangazo, na tangu hapo albamu ya kwanza imekuwa ikitajwa kwa adabu ya kutaja daftari la darasa la kwanza la mtu aliyekuja kuwa profesa.

Mimi niliipata kwa bahati. Usiku mmoja nilikuwa nautafuta huo "All Right Now" kwenye simu, kidole kikagusa pasipo, ikaanza kupiga albamu nyingine. Nilidhani ni bendi nyingine kabisa. Sauti nzito, chafu kidogo, gitaa limejaa chumba kizima. Nikaiacha iendelee, na tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana, mara nyingi na mimi mwenyewe, kuhusu sababu ya kuachwa kwake pembeni.

Wanaoipuuza wana hoja, tena si ya kitoto. Wanasema hawa ni watoto wa Kiingereza waliovaa koti la bluzi, muziki wa wazee Weusi wa Mississippi na Chicago, na koti limewapwaya. Waswahili walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Wanaongeza kwamba Free ya kweli, ile yenye nafasi na ukimya kati ya sauti na sauti, ilizaliwa baadaye, na hapa tunasikia tu vijana wakijifunza kazi. Nakubali kwamba koti limepwaya. Ninachokataa ni kwamba kupwaya huko ni kasoro. Nadhani ndiko kunakoifanya albamu hii isikike mpaka leo, wakati albamu nyingi za bluzi za Waingereza wa wakati ule, zilizoshonwa zikakaa sawasawa mwilini, sasa zinasikika kama mtihani uliofanywa vizuri.

Tuwaangalie kwanza wenyewe, maana hapa umri si pambo la hadithi. Paul Rodgers, mwimbaji, alitoka Middlesbrough, mji wa chuma na meli kaskazini mashariki mwa Uingereza, akashuka London kutafuta maisha na bendi ya nyumbani ambayo haikudumu. Msomaji wa pwani huenda anamjua kwa mlango mwingine: ndiye aliyezunguka dunia na Queen katikati ya miaka ya 2000, akisimama pale alipokuwa akisimama Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. Paul Kossoff, mpiga solo, alikuwa mtoto wa mwigizaji maarufu David Kossoff. Alifundishwa gitaa la kiklasiki tangu utotoni, kisha akawa muuzaji katika duka la vyombo vya muziki jijini London. Yeye na mpiga dramu Simon Kirke walikuwa pamoja katika bendi ya Black Cat Bones, na humo walipata bahati ambayo wenye hoja ya koti husahau kuitaja: walirekodi wakimsindikiza Champion Jack Dupree, mpiga piano mzee wa New Orleans aliyekuwa amehamia Ulaya. Kwa hiyo bluzi hawakuisoma kwenye jalada la santuri tu. Walikaa chumba kimoja na mzee, wakasubiri aonyeshe kwa kichwa wapi pa kuingia.

Halafu kuna Andy Fraser. Alizaliwa London mwaka 1952, upande wa baba akiwa na asili ya Karibi. Alisoma na binti wa Alexis Korner, yule ambaye Waingereza humwita baba wa bluzi ya kwao, na kwa mlango huo akaanza kuzoeleka nyumbani kwa Korner. John Mayall alipompigia Korner simu kwamba bendi yake inahitaji mpiga besi, mtoto wa miaka 15 ndiye aliyetumwa. Mayall! Mtu ambaye bendi yake ilikuwa chuo cha wapiga gitaa wote wakubwa wa nchi ile. Fraser alikaa huko muda mfupi, akatoka.

Wanne hawa walikutana kufanya mazoezi kwenye baa ya Nag's Head, Battersea, Aprili 1968. Korner alikuja kuwasikiliza akawapa jina, akilikata kutoka kwenye jina la bendi yake mwenyewe ya zamani, Free at Last. Chris Blackwell, mwenye Island, aliyeianzisha lebo hiyo Jamaika na kuileta London kuuza muziki wa Wajamaika waliohamia huko, alitaka waitwe Heavy Metal Kids. Wakakataa. Watoto ambao hawajauza hata santuri moja wanamwambia mwenye lebo kwamba jina hilo hapana. Mwenye lebo akakubali. Sijui ni bendi ngapi leo zingeweza.

Kabla mwaka haujaisha walikuwa studio.

Na hapo ndipo bahati yao ilipoanza kwenda kombo, kwa sababu ya kalenda tu. Bluzi ya Uingereza ilikuwa imeanza kuwaka tangu 1966, Mayall alipotoa albamu akiwa na mpiga gitaa Eric Clapton. Februari 1968 Fleetwood Mac ya Peter Green ilitoa albamu yake ya kwanza ikauza ajabu. Kila wiki bendi mpya ya vijana wenye nywele ndefu ilikuwa inapiga nyimbo za Elmore James kwenye ukumbi wa juu wa baa fulani. Lakini Novemba 1968, Free wakiwa bado wanarekodi, Cream, bendi ya Clapton, walipiga shoo yao ya kuaga kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall. Januari 1969 Peter Green mwenyewe alikuwa namba moja Uingereza kwa "Albatross", kipande kitulivu kisicho na mwimbaji, ambacho kukiita bluzi kunahitaji ukarimu. Wakubwa walikuwa wanainuka mezani. Free walifika karamuni sahani zikioshwa.

Zaidi ya hapo, mwezi uleule wa Machi 1969 maduka ya Uingereza yalipokea albamu nyingine ya kwanza ya bendi ya London: Led Zeppelin. Hapa natulia kidogo, kwa sababu mlinganisho huu unafundisha kuliko wowote mwingine, na watu huukimbia kwa kuwa jibu la "nani alishinda" linajulikana.

Albamu zote mbili zilirekodiwa miezi ya mwisho ya 1968. Zote zilikuwa za haraka na za bei ndogo: ya Led Zeppelin iligharimu chini ya pauni 1,800, ya Free takriban pauni 800. Fundi mitambo wa Led Zeppelin alikuwa Glyn Johns. Wa Free alikuwa mdogo wake, Andy Johns, kijana aliyekuja baadaye kuchukuliwa na Led Zeppelin haohao na kurekodi zile dramu zao za mwaka 1971 ambazo mafundi wa studio duniani kote bado wanajaribu kuziiga. Na wimbo mmoja umo kwenye albamu zote mbili: "The Hunter".

"The Hunter" ni wimbo wa Memphis. Waliutunga watu watano: Booker T. Jones, Steve Cropper, Donald Dunn, Al Jackson Jr. na Carl Wells. Wanne wa kwanza ndio Booker T. & the M.G.'s, bendi ya ndani ya studio ya Stax. Waliutunga kwa ajili ya Albert King, jitu la futi sita na ushei lililopiga gitaa kwa mkono wa kushoto huku nyuzi zimepinduliwa, na yeye akautoa mwaka 1967. Ni majigambo ya mwindaji wa wanawake, hayana haya, na yanabebwa na mdundo unaotembea kama mtu anayejua anaangaliwa.

Ukichukua albamu ya Free na kusoma karatasi ya katikati ya santuri, "The Hunter" imeandikwa majina ya watunzi wake wa Memphis. "Goin' Down Slow" imeandikwa jina la Oden, aliyeutunga. Ukichukua ya Led Zeppelin, kipande cha "The Hunter" kimemezwa ndani ya wimbo mrefu uitwao "How Many More Times", na majina yaliyotajwa kama watunzi ni ya wanabendi wenyewe, Page, Jones (si yule wa Memphis) na Bonham. Hiyo haikuwa mara ya mwisho kwao: miaka iliyofuata wenye nyimbo za Howlin' Wolf na Willie Dixon, wazee wa bluzi wa Chicago, waliwadai, na madai yakamalizwa kwa malipo. Anayeukumbuka ule ugomvi wa miaka na miaka juu ya nani hasa alitunga "Malaika" hahitaji kuelezwa kwa nini mstari mmoja mdogo katikati ya santuri ni shamba la mtu.

Sisemi Free walikuwa watakatifu. "Walk in My Shadow", ambao ni wimbo wao wenyewe, umekatwa kutoka kitambaa cha Albert King bila kificho, na kama kungekuwa na hakimiliki ya mwendo, King angedai chake. Lakini kuna kitu katika namna mbili hizi za kuazima kinachosikika hata kabla hujasoma majina. Led Zeppelin wanauchukua wimbo kama malighafi, wanauyeyusha, wanatengeneza kitu cha kung'aa. Kazi nzuri, sibishi. Free wanaupiga wimbo kama wimbo wa mtu mwingine. Wanaanza na kumaliza mahali pake. Ni kopi, kwa maana ileile ambayo bendi zetu za mwanzo zilipiga kopi za Kikuba: kwa heshima ya mgeni, kisha heshima inaanza kuyumba kadiri damu inavyopanda. Kirke anaipiga dramu nzito na nyuma kidogo ya mapigo, kana kwamba amebeba gunia. Kossoff anarudia kipande kilekile cha gitaa hadi kinaacha kuwa pambo na kuwa ukuta. Na Rodgers, akijigamba kwa maneno ya mtu mzima aliyewinda sana, anasikika kama kijana anayetaka uamini. Hapo ndipo koti linapopwaya. Albert King hakuhitaji uamini. Alikuwa anatoa taarifa.

Prodyuza alikuwa Guy Stevens, na mtu huyu anastahili makala yake peke yake. Alikuwa DJ wa klabu ya Scene, Soho, na mkusanyaji wa santuri za Wamarekani Weusi ambaye wanamuziki wa London walikuwa wanamfuata kuazima. Hakuwa fundi wa vyombo. Kazi yake ilikuwa kuwatia watu wazimu kwanza, kisha kuwasha mashine. Miaka kumi baadaye alifanya hivyohivyo na bendi ya punk ya The Clash katika albamu yao London Calling, akirusha viti studio, na mwaka 1981 akafariki. Kwa Free aliamua jambo rahisi: pigeni mnavyopiga jukwaani. Fedha zilikuwa chache na muda mfupi, kwa hiyo hata angetaka jambo jingine asingeweza. Ndiyo maana albamu hii imejaa kuliko nyingine zao zote. Amplifaya zimefunguliwa, piano ya Steve Miller (Mwingereza, si yule mwenye bendi Marekani) inapenya nyuma, na hakuna aliyerudi kusafisha.

Uamuzi wake wa pili ulikuwa wa ajabu zaidi. Walikuwa na wimbo mmoja laini, "Over the Green Hills", ambao haufanani na mingine yote. Stevens aliukata vipande viwili. Kipande cha kwanza, kisichofika dakika moja, kinafungua albamu. Cha pili kinaifunga. Unaanza kusikia kitu kipole, unadhani umewajua, kisha "Worry" inakuvamia kama mlango uliopigwa teke. Kuna wanaoona huo ni mchezo wa prodyuza, kuuharibu wimbo mzuri ili albamu ipate fremu. Zamani nami niliona hivyo. Sasa naona ndilo jambo la akili kuliko yote aliyofanya, kwa sababu linakuambia tangu mwanzo kwamba ukali unaokuja si tabia yao yote. Unasikiliza ubabe wa dakika thelathini na ushei ukijua kuna upole umewekwa kando.

Na ubabe wenyewe si wote wa kusifiwa. "Wild Indian Woman" ningeuruka. Jina la wimbo linatosha kukuambia kilichomo, na muziki haukiokoi. "Sweet Tooth" ni wimbo wa kujaza nafasi. Mashairi ya albamu nzima, ukiyasoma bila muziki, ni ya wavulana waliosikia wakubwa wakizungumza juu ya wanawake na wakaamua kuzungumza hivyohivyo kwa sauti ya juu zaidi.

Ila kuna "I'm a Mover". Rodgers anauanza kwa kujitambulisha kama mtu aliyezaliwa kando ya mto na ambaye tangu hapo hajatulia, na yeyote aliyewahi kumsikiliza Sam Cooke, mwimbaji wa Marekani, akianza "A Change Is Gonna Come" atajua mto huo umetoka wapi. Lakini Middlesbrough nayo iko kando ya mto, Tees, mto wa viwanda na gati. Kwa mara moja koti la kuazima linakuta mwili wake. Na chini ya sauti ile msikilize Fraser. Wapiga besi wa London wa wakati ule, wakimwigiza Jack Bruce wa Cream, walikuwa wanakimbia uwanja mzima kama mshambuliaji. Fraser anapiga, anaacha. Anapiga mbili, anaacha tena, na katika lile pengo unasikia chumba. Watu wanasema ukimya wa Free ulizaliwa kwenye albamu zilizofuata. Hapana, ulikuwepo tayari, umekaa kwenye vidole vya mtoto wa miaka 16, wengine watatu bado hawajausikia.

"Moonshine" ndio wimbo wa kiza. Mtu amekaa makaburini akisubiri kupambazuke, na bendi inakwenda kwa mwendo wa kusindikiza jeneza. Nakiri kwamba maneno yamezidisha chumvi. Kijana anayependa makaburi ni kitu cha kawaida kila nchi. Hata hivyo Kossoff, aliyeutunga pamoja na Rodgers, anapiga hapa kana kwamba hana habari kuwa kuna maneno. Anashika noti moja, anaitikisa kwa kidole juu ya uzi hadi inakaribia kukatika sauti, na haendi kwenye nyingine mpaka ile ya kwanza iishe yenyewe. Mtikisiko wa kidole chake ndio saini yake. Wapiga gitaa wenye kasi walikuwa wengi mwaka ule. Wenye subira walikuwa wachache, na miongoni mwa wenye umri wa miaka 18 simjui mwingine.

Sasa nirudi kwa yule mvulana anayekufa.

"Goin' Down Slow" uliwekwa kwenye santuri mwaka 1941 na St. Louis Jimmy Oden, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 38. Toleo ambalo vijana wa Uingereza walilijua zaidi ni la Howlin' Wolf, lililorekodiwa Chicago mwishoni mwa 1961, Wolf akiwa na miaka 51. Humo Willie Dixon anaingia katikati na kuzungumza, hataki kuimba, anaorodhesha raha alizokula huyo mgonjwa, na ukisikiliza vizuri utagundua kwamba wanacheka. Mtu yuko kitandani anakata roho, huku akijigamba. Ndivyo wazee wanavyokitazama kifo kilichokaribia: wanakitania, kwa sababu wamekaa nacho mtaa mmoja muda mrefu. Tuliokaa misibani tunawajua wazee hao, wale wanaosimulia vichekesho vya marehemu usiku wa matanga hadi vijana wanaona aibu.

Toleo la Free halina hata chembe ya utani. Huu ndio ushahidi ambao wapinzani huutumia: hawakuuelewa wimbo. Nadhani kinyume chake. Waliuelewa kwa umri wao. Kijana wa miaka 18 hana utani na kifo, hakijui, na kwa hiyo anakiogopa kwa dhati yote. Rodgers anaposema mama aandikiwe barua, haimbi kama mzee anayefunga hesabu. Anaimba kama mtoto aliye mbali na nyumbani, na mwaka ule ndivyo alivyokuwa kweli. Wimbo wa mtu aliyekula maisha akashiba umegeuka wimbo wa mtu anayehofia kuondoka kabla hajala. Maneno ni yaleyale na kilio ni kingine kabisa.

Na bendi inamwachia nafasi. Aliyezoea muziki wetu wa dansi atasubiri chemko, pale wimbo unapopandishwa na magitaa kuanza kukimbizana. Chemko haliji. Kirke anashikilia mwendo uleule wa mgonjwa kwa dakika nane, jambo gumu kwa mpiga dramu wa miaka 19 kuliko kupiga haraka. Solo ya Kossoff inaanza kwa noti chache zilizoachana, inajaa, inapasuka, kisha inarudi chini bila kuleta nafuu. Wimbo ukiisha upande wa kwanza wa santuri umekwisha, na lazima uinuke kuigeuza.

Kilichofuata kinajulikana. Kiangazi cha 1970 "All Right Now" ilifika namba mbili Uingereza na namba nne Marekani, wakapiga kwenye tamasha la Isle of Wight mbele ya umati mkubwa, wakaanza kugombana, wakavunjika 1971, wakarudiana 1972, wakaisha 1973. Rodgers na Kirke wakaenda kuanzisha Bad Company na kupata fedha. Kossoff dawa za kulevya zilimshinda. Tarehe 19 Machi 1976 alifia ndani ya ndege kutoka Los Angeles kwenda New York, akiwa na miaka 25, miaka saba baada ya albamu hii kutoka.

Waandishi wengi wakifika hapa hurudi kwenye "Goin' Down Slow" na "Moonshine" kusema aliona mbele, alijitabiria. Siupendi usomaji huo. Unamnyang'anya kijana kazi yake na kuifanya dalili ya ugonjwa. Mwaka 1968 Kossoff hakuwa maiti ajaye. Alikuwa kijana mfupi mwenye nywele nyingi aliyeacha kazi dukani, na aliyekuwa akihangaikia jambo moja: noti hii itikisike vipi.

Waliposafiri Marekani kiangazi cha 1969, Tons of Sobs ikiwa ndiyo albamu pekee waliyokuwa nayo madukani, walipewa kazi ya kufungua shoo za Blind Faith, bendi mpya ya Clapton. Viwanja vilijaa watu waliokuja kwa ajili ya mwingine. Kisa kinachosimuliwa tangu siku zile ni kwamba baada ya shoo mojawapo Clapton alimwendea Kossoff nyuma ya jukwaa akamwomba amwonyeshe ule mtikisiko wa kidole anaufanyaje. Kossoff, ambaye gitaa la umeme alilipenda kwa kumsikiliza mtu huyohuyo, alidhani anataniwa.